Kondoo Aliyerudi Kwao

Daktari wa mifugo alikataa kiti. Alisimama mlangoni mwa jiko na ovaroli yake nyeupe ya plastiki, fomu yake juu ya kibao, na Dinah Coates aliona jinsi vidole vya yule binti vilivyopasuka kwa dawa ya kuua vijidudu. Alikuwa Mhispania, jina lake Marisol Quiroga, mmoja wa madaktari walioitwa kutoka nje mwaka ule wa 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipowazidi nguvu madaktari wa nyumbani. Wiki ya tano sasa alikuwa akitoka shamba hili akiingia lile. Wanyama aliowaua katika wiki hizo walikuwa wengi kuliko aliowatibu tangu amalize chuo.

"Swali la mwisho," alisema. "Katika siku ishirini na moja zilizopita, mmenunua, mmeuza au mmehamisha kondoo yeyote? Kuingia au kutoka?"

"Hata mmoja," akajibu Amos Coates.

"Na wewe mama?"

"Hata mmoja," akasema Dinah, na aliposema hivyo moyo wake ulikuwa mweupe.

Daktari akashusha pumzi. Siku nne nyuma, kwa jirani yao Wilf Peacock, ng'ambo ya ukuta wa mawe, walikuwa wameua kondoo mia tatu na ng'ombe arobaini na mmoja, na moshi wa mizoga ulikuwa bado unatambaa bondeni. Mapazia ya Dinah yalinuka moshi huo. Hata mkate ulinuka.

"Basi kondoo wenu wabaki hukohuko mlimani," alisema daktari. "Kama hakuna aliyepita kati ya mashamba haya mawili, nitaandika kwamba wako chini ya uangalizi. Hawatauawa. Sainini hapa."

Amos akasaini. Dinah akasaini. Daktari akatoka kwenda getini, ambako angesugua buti zake katika karai la dawa kabla ya kuingia garini na kwenda shamba linalofuata.

Amos akajitupa kitini, akacheka kicheko cha mtu aliyenusurika kugongwa na gari. Dinah akageukia kabati kutafuta vikombe. Mkono wake ukapita juu ya kikombe kikubwa cha bluu, kile ambacho katika nyumba ile hakuna aliyekinywea ila Wilf, maana Wilf alisema vikombe vidogo ni vya wachungaji wa kanisa. Dinah akakumbuka mara ya mwisho alipokiosha. Mkono ukakwama hapohapo.

"Amos," alisema. "Yule wa pembe ya kombo."

"Ana nini?"

"Wilf alimleta hapa. Alhamisi ile barafu ilipobomoa ukuta."

"Alimrudisha. Sasa?"

"Alimlaza zizini kwake usiku mzima. Pamoja na kondoo wake."

Amos akaacha kucheka. Akamtazama mkewe, akatazama dirisha, akamtazama tena. "Yule ameuliza kuhamisha. Kondoo aliyerudi kwao hajahama. Muulize mtu yeyote katika bonde hili."

"Yeye si mtu wa bonde hili."

"Basi shauri yake! Kauliza vibaya, kajibiwa vizuri."

Na kweli, ndivyo watu wa kule walivyolelewa. Kondoo akipotea, jirani husoma chapa iliyochomwa kwenye pembe, hutazama mkato wa sikio na rangi ya ubavuni, kisha humrudisha kwa mwenyewe. Hakuna anayeandika wala anayeshukuru kupita kiasi. Ni kama kumfungia jirani geti lake lililosahauliwa wazi. Wilf naye aliulizwa swali lilelile siku walipomwulia mifugo, akajibu hapana, na wala hakusema uongo. Wote watatu walikuwa wamesema ukweli, na ukweli huo ungeweza kuua kondoo wa mlima mzima.

"Nakwenda kumwambia," alisema Dinah.

Amos alisimama kabla yeye hajafika mlangoni. Alikuwa mtu mrefu, na mlango ulikuwa mfupi, kwa hiyo aliujaza wote.

"Keti, mke wangu. Fikiri kwanza. Kondoo mia mbili na kumi na wanne. Babu wa babu yangu ndiye aliyeanza nao. Wakiuawa, utanunua wapi wengine? Sokoni nitapata kondoo, sawa. Nitawapandisha juu, na kesho yake watakuwa barabara kuu wanatafuta basi. Hawa wangu mama zao ndio waliowafundisha mlima. Hapa maji, hapa pa kujikinga upepo, hapa mwisho wa kwetu. Hilo haliuzwi, Dinah. Likifa limekufa."

"Najua."

"Hujui! Ungejua usingeshika kitasa."

"Mlima huu una mashamba kumi na moja, Amos, na katikati hakuna ukuta hata mmoja. Kama ameubeba ugonjwa, atawapa kondoo wa Metcalfe, na wa Metcalfe watawapa wa kina Iveson, na sisi tutakuwa tumekaa hapa tunakunywa chai."

"Hajaubeba."

"Umemtazama mdomoni?"

Nje, brashi ilisikika ikisugua mpira wa buti, kwanza mguu mmoja, halafu wa pili.

"Nipishe."

"Miaka thelathini na nane sijawahi kukuzibia njia," alisema Amos taratibu. "Leo nakuomba."

Aliomba kweli. Dinah hakuwahi kusikia sauti ile, hata siku walipomzika mama yake Amos. Lakini Amos hakusogea mlangoni, na brashi ya nje ilikuwa imenyamaza. Dinah akageuka, akapita stoo ya maziwa, akafungua mlango mdogo wa nyuma na kukimbia na ndara zake za ndani katika tope la uani, akipunga mikono miwili kama anayefukuza kunguru. Injini ya gari ilikuwa imeshawaka.

Daktari Quiroga alimsikiliza kioo kikiwa kimeshushwa nusu. Alipoelewa, alizima injini na kushuka, na uso wake ulikuwa umepauka kwa hasira.

"Nimewauliza! Mmesaini!"

"Umeuliza kuhamisha."

"Na hii ni nini?"

"Alirudi kwao."

"Mama, unanichezea?"

"Sikuchezei, daktari. Hata Wilf hakukuchezea. Hatukuwa na neno lake. Ningekuwa nakuchezea ningekuacha uende zako."

Daktari akamtazama ndara zake zilizojaa tope, kisha akamtazama usoni. Hasira ikapungua, uchovu ukachukua nafasi yake. Alianza kuhesabu kwa vidole. Siku kumi na nane tangu yule kondoo arudishwe. Jeraha la zamani kuliko yote lililoonekana kwa Wilf lilikuwa la siku kumi wakati wa kuuawa, yaani siku kumi na nne nyuma, na ugonjwa huweza kujificha mwilini siku kadhaa kabla ya kutokeza. Alihesabu tena. Hesabu ilikuwa inakaa mpakani, haitaki kuangukia upande wowote.

"Kanuni inasema wote wauawe," alisema. "Saa kumi na mbili jioni natoa ripoti kwa simu. Nikimpata huyo kondoo leo, nikamtazama, nikachukua damu yake, nitakuwa na kitu cha kubishania na wakubwa. Nisipompata sina. Nitaandika walichanganyika, na lori litakuja."

Ilikuwa saa saba na robo.

Mlango wa jiko ukafunguka. Amos alitoka amevaa koti la mvua, fimbo yake yenye kipini cha pembe ya kondoo mkononi, mbwa wake Moss nyuma yake kwenye kamba. Hakumtazama mkewe. Alimtazama daktari miguuni.

"Utapanda na buti hizo? Huko juu kuna tope limemeza ng'ombe na kengele yake."

"Nitapanda."

"Na hatuwakusanyi. Wakikusanywa watapumuliana. Tutamfuata mmoja tu, polepole, na mbwa hatafunguliwa."

"Hilo ndilo nililotaka kusema," alisema daktari.

"Basi nimekupunguzia kazi."

Walipanda kwa kufuata ukuta, Amos mbele, daktari katikati, Dinah nyuma na buti zilizofungwa ovyo. Upepo ulitoka mashariki, ule upepo mwembamba wa mwisho wa mwezi wa tatu unaopita kwenye vifungo. Theluji ya zamani ilikuwa bado imelala kwenye vivuli. Baada ya geti la mwisho ukuta uliishia, na mlima ukawa mmoja, wa kahawia na mweusi, hauna alama ambayo mgeni angeiona.

Dinah alijua pa kuanzia. Upepo wa mashariki ukivuma, ukoo wa yule wa pembe ya kombo ulijibanza katika bonde dogo chini ya mwamba, na bibi yake alifanya hivyo, na mama wa bibi yake. Walipochungulia ukingoni, walikuwepo: kondoo kumi na saba wa aina ya Swaledale, nyuso nyeusi na pua nyeupe kana kwamba wamechovya midomo katika unga, pembe zimejikunja chini ya masikio, manyoya marefu magumu yakining'inia hadi magotini na kuchuruzisha maji yasifike mwilini. Waliinua vichwa. Hawakukimbia.

Amos aliwapitia kwa macho. "Yule mama yake. Wale wawili dada zake. Yule ni shangazi, ana roho mbaya. Yeye hayupo."

"Unajuaje?" aliuliza daktari. "Wote wana sura moja."

"Hata ninyi madaktari wa ovaroli nyeupe mna sura moja, ila nadhani mama yako akikuona anakutambua."

Daktari Quiroga akacheka, kisha akashtuka kwa kucheka, kama mtu aliyecheka msibani. Akatoa darubini ndogo, akawakagua wale kumi na saba mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa akichechemea. Hakuna aliyetokwa na ute. Akaangalia saa. Saa nane na dakika ishirini.

Walizunguka mwamba, daktari akikagua kwa darubini kila kundi walilolipita. Walikwenda kwenye zizi bovu la zamani, hayupo. Walikwenda kwenye matete ya chemchemi, hayupo. Kila walipomkuta kondoo peke yake Dinah aliona mgongo wa Amos ukikazana, na kila mara ilikuwa pembe nyingine, nzima. Ukungu ulianza kushuka kutoka kileleni, na daktari alianza kuteleza. Mara mbili aliangukia mikono yake iliyopasuka, na mara mbili aliinuka.

"Pengine amekufa," alisema daktari.

"Pengine," akasema Amos.

Saa tisa na dakika arobaini Amos alisimama. Aliegemea fimbo, akatazama upande wa kaskazini ambako mlima ulipasuka kuwa korongo, na akakaa hivyo muda mrefu kuliko mtu anayepumzika. Dinah akamsogelea.

"Unafikiri nini?"

"Sifikirii."

"Amos."

"Nimesema sifikirii." Kisha, bila kugeuka: "Alizaliwa kule korongoni. Mwaka wa tisini na sita, chini ya lile jabali lililolala. Mimi ndiye niliyemvuta. Wengine wakisikia uchungu hurudi palepale."

"Kuzaa bado wiki tatu!"

"Yule dume mdogo aliruka ukuta mapema, mwezi wa kumi na moja. Sikukwambia. Ungenicheka."

Daktari aliwatazama wote wawili. "Twende," alisema.

Walifika ukingoni mwa korongo saa kumi na dakika tano. Amos ndiye aliyetangulia, ndiye aliyeona kwanza. Dinah hakuona kondoo. Aliona mkono wa mumewe ulivyoiminya ile fimbo. Akamsogelea na kutazama alikokuwa akitazama. Chini kabisa, pembeni ya kijito, kondoo mmoja alikuwa akitembea kwa miguu mitatu. Wa nne aliuinua, akaugusisha chini kidogo, akauinua tena.

Daktari alikuwa hatua ishirini nyuma, ameinama anatoa tope kwenye buti. Amos akamgeukia mkewe. Macho yake yalisema: twende zetu, tumwambie hayupo. Dinah alitikisa kichwa. Na Amos, aliyekuwa bado anaweza kupiga mluzi wa kumtimua yule kondoo apotelee ukunguni, akavuta pumzi na kusema kwa sauti ya mtu anayetema jino:

"Yule pale."

Daktari akaja, akatazama, akaona mguu. Alianza kushuka.

Kondoo hakukimbia. Walipokaribia walijua kwa nini: nyuma yake, juu ya changarawe, kulikuwa na kitu kidogo cheusi, kimelowa, kinatoa mvuke. Yule mama aliinamisha kichwa na kupiga mguu chini, ule mzima, mara moja, mara mbili, kama anayebisha hodi. Alikuwa mwembamba, uzito wake haufiki hata wa mtu mzima, na mbele yake walikuwa watu watatu na mbwa. Alibaki papo hapo.

"Ingekuwa kondoo wa tambarare tungekuwa tunamkimbiza hadi Jumatano," alinong'ona Amos. Akasogea ubavu ubavu, akarusha mkono na kudaka pembe ya kombo. "Shika hapa, daktari. Mungu aliwapa pembe ili wazee tupate pa kuning'inia."

Daktari alipiga magoti majini. Alianza na mguu. Alipanua kwato, akafuta tope kwa kidole, akainama mpaka pua yake ikakaribia. Katikati ya kwato palikuwa pekundu.

"Ni mawe," alisema Amos. "Ameshuka usiku kwenye mawe haya, yana makali, mimi mwenyewe—"

"Nyamaza, Bwana Coates."

Akahamia mdomoni. Alinyanyua mdomo wa juu, akawasha tochi ndogo. Ufizi ulikuwa wa waridi, safi, halafu pale pembeni, palipoanza kuwa peusi, palikuwa na doa kama punje ya dengu, ngozi imebanduka. Daktari alilitazama. Alilitazama kwa pembe nyingine. Dinah alisikia kijito kikipita, na akajikuta anahesabu: mia mbili na kumi na wanne, sasa na mmoja.

"Ni nini?" aliuliza.

"Kijiti kinaweza kufanya hivi. Vichaka vyenu hivi vigumu vinaweza." Daktari alizima tochi. "Na ule ugonjwa unaweza, ukiwa umeanza kupona. Sijui."

Hiyo "sijui" ilimshinda Amos. Akaketi kwenye changarawe, pembe bado mkononi.

Kile kitoto cheusi kikainua kichwa. Kilijaribu kusimama, kikaanguka kifudifudi, kikajaribu tena. Mama yake, aliyeshikwa pembe, alikiita kwa sauti ya ndani ya koo. Kikaja kikiyumba, kikapita kati ya goti la daktari na ndoo yake ya vifaa, kikatafuta ziwa, kikakosa, kikalipata. Mkia ukaanza kutikisika. Daktari alisahau kazi yake na kukitazama.

"Wenye ugonjwa," alisema, "mara nyingi watoto huwafia wakati wa kunyonya. Moyo husimama."

Watu wazima watatu wakakitazama kitoto kinanyonya. Kiliendelea kunyonya.

Alichukua damu shingoni, vichupa viwili, akaviandika na kuvifunga katika mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Saa kumi na moja kasoro dakika tano walianza kushuka, na daktari, aliyeteleza njia nzima ya kupanda, alishuka akikimbia.

Simu alipiga jikoni kwa Dinah, amesimama, maji yanamchuruzika kwenye sakafu. Wao walisikia upande wake tu.

"Nimemwona... Ndiyo, jeraha moja... Hapana, siwezi kusema ndio, siwezi kusema sio... Hao wengine wazima, nimeona karibu sabini... Siandiki hivyo. Unataka iandikwe hivyo, panda wewe uje uandike... Hapana, bwana, sijachoka. Ndiyo, nimechoka, lakini sijachoka macho... Siku tatu. Siku mbili na nusu basi."

Akaweka simu. "Damu inaondoka sasa hivi na dereva. Majibu ni Alhamisi, kabla ya mchana kama Mungu akipenda. Lori limepangwa Alhamisi saa nane. Majibu yasipofika, lori halitasubiri." Akamtazama Dinah. "Sikuweza zaidi."

"Umeweza," alisema Dinah.

Siku zile Amos hakuzungumza na mkewe. Hakumtukana, hakupiga mlango. Alikula alichowekewa, akasema asante kwa sahani. Usiku alilala kitini mbele ya jiko la makaa, buti miguuni. Mchana alikwenda kwenye zizi kubwa la chini na kulitengeneza: akapigilia mbao, akaziba matundu, akatandika mabua makavu. Dinah alielewa alichokuwa akifanya. Kama wangeshushwa kuuawa, hakutaka wavunjike miguu wakihangaika. Alikuwa akiwatandikia.

Alhamisi saa saba kasoro robo lori likaja na kusimama getini. Wanaume watatu wenye ovaroli nyeupe walibaki ndani wakila mikate yao, kioo kimefungwa, macho mbele. Walikuwa na adabu. Mmoja alivua kofia alipomwona Amos akipita.

Dinah alikaa kando ya simu. Saa saba ikapita. Saa saba na robo. Moss alilala chini ya meza na hakuinua sikio. Saa saba na nusu mmoja wa wale wanaume akashuka, akaanza kupanga vitu nyuma ya lori, na kila chuma kilichogusana na chuma kilisikika jikoni. Amos aliingia, akavaa koti lake jipya, lile la mazishini na mnadani.

"Nawafuata mwenyewe," alisema. Ndilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia. "Sitaki washushwe na sauti ya mgeni."

Alikuwa ameshafika uani simu ilipolia. Dinah aliinyanyua, ikamteleza, akaidaka. Sauti ya Marisol Quiroga ilitoka mbali, kuna gari linapita nyuma yake.

"Mama Coates? Ni safi. Vichupa vyote viwili. Hana ugonjwa, na hajawahi kuwa nao. Umesikia? Wape simu wale wa lori niongee nao. Mama? Uko hapo?"

Dinah alikuwa hapo. Aliinyoosha simu kuelekea mlangoni kama vile Amos angeweza kuisikia kutoka uani. Amos alikuwa ameshageuka kwa ule mlio, akauona mkono wake, akauona uso. Alirudi ndani, akasikiliza mwenyewe. Akasema, "Ndiyo, daktari. Ndiyo. Ndiyo." Akamwita kijana wa lori, akampa simu. Kisha akaketi kwenye ngazi ya mlango na kulia kwa sauti, mtu wa miaka sitini na sita, mbele ya wageni, na koti lake la mnadani.

Lori lilipoondoka alikuwa ameshanawa uso. Alisimama nyuma ya Dinah aliyekuwa akijifanya anafuta meza.

"Ningenyamaza," alisema. "Nataka ujue. Sijabadilika kwa sababu damu imekuwa safi. Hata leo, turudishwe palepale mlangoni, ningenyamaza."

"Najua, Amos."

"Na pale korongoni nilitaka kumtimua."

"Nilikuona."

"Ungeniacha?"

Dinah akakunja kitambaa mara mbili, mara tatu. "Nisingekuacha. Ila ningekuwa naishi na mtu mwingine."

Amos aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayekubali bei iliyo ya haki. Halafu akashtuka. "Wilf," alisema. "Wilf hajui. Jumatatu alituona tukipanda na daktari, na anajua tulikuwa tukimtafuta nani. Anadhani ametuua."

Kanuni ilikataza mtu wa shamba moja kukanyaga lingine, na simu ya Wilf ilikuwa haipokelewi tangu siku ya moto. Kwa hiyo walipanda wote wawili hadi ukuta wa mpakani, na kweli walimwona: mbali, mashamba mawili chini, amekaa katikati ya malisho matupu juu ya ndoo iliyogeuzwa, hatazami popote. Amos akaweka mikono mdomoni.

"Wilf! Weee Wilf!"

Yule mtu akainua kichwa.

"Mzima! Yule wa pembe ya kombo, mzima! Wote wazima!"

Upepo ulikuwa unawarudishia maneno usoni. Wilf alisimama, akaweka kiganja sikioni. Amos akapaza tena, na Dinah naye akapaza, na Moss akabweka, mpaka wakamwona Wilf Peacock akivua kofia. Hakuipunga. Aliishika kifuani kwa mikono miwili, akarudi kuketi, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Tumwache," alisema Dinah.

"Hapana," alisema Amos. Akakaa juu ya ukuta, upande wao wa kisheria, akamnyoshea mkewe mkono apande. "Tukae anapotuona."